Kindle, Paperwhite, Clara BW au Libra Colour: kipi kitakufaa kwa kusomea kitandani?

Kusoma kitandani kuna masharti yake. Taa ya chumba imezimwa au umeme umekatika, chandarua kimeshushwa, mwenzako ameshalala, na kitabu unakishika kwa mkono mmoja huku mwingine uko chini ya shuka. Vifaa vya kusomea vitabu vyenye taa ndani yake vilianza kushindaniwa sokoni mwaka 2012, pale Nook ya Barnes & Noble, Kobo Glo na Kindle Paperwhite ya kwanza zilipotoka kwa kufuatana. Siku hizi kuvipata si kazi. Taabu ni kwamba kwenye picha za dukani vyote vinafanana, na tofauti zenye maana huja kuonekana usiku wa kwanza, hela imeshatoka.

Hapa tunavilinganisha vinne, vyote vya toleo la 2024: Kindle ya kawaida na Kindle Paperwhite za Amazon, pamoja na Clara BW na Libra Colour za kampuni ya Kobo. Baadaye tutagusa viwili vya pembeni, kwa sababu kuna wasomaji ambao jibu lao halimo katika vinne hivi.

## Vigezo kwanza

Mwanga. Skrini ya wino wa kielektroniki haiwaki. Ina chembe nyeusi na nyeupe zinazopanda na kushuka, na LED ndogo zilizopangwa ukingoni humwaga mwanga juu ya ukurasa kupitia tabaka jembamba la plastiki angavu. Jicho linapokea mwanga uliogonga ukurasa ukarudi, kama kwenye karatasi. Simu na tableti hupeleka mwanga wao moja kwa moja machoni. Ndiyo maana utafiti wa Brigham and Women's Hospital ya Boston uliochapishwa mwishoni mwa 2014, ambao hutajwa kila mara kuonyesha kwamba vitabu vya kielektroniki huharibu usingizi, usomwe kwa makini: washiriki 12 walisomea iPad iliyowashwa hadi mwisho, kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo. Walichelewa kusinzia kwa takriban dakika kumi. Hakikuwa kifaa cha wino, na hakuna anayesomea kitandani kwa mwanga wa mwisho.

Kwa hiyo katika mwanga pima mambo matatu. Rangi: je, kuna LED za pili za rangi ya kaharabu, ili uhamishe ukurasa kutoka weupe wenye ubluu kuelekea unjano? Kiwango cha chini: katika giza totoro mwanga hauwi mdogo mno, bali ule wa chini kabisa ndio huweza kuwa bado mkali, basi tangazo linalojisifu kwa mwanga wa juu halikusaidii kitu. Na usawa: LED zikiwa chache, ukingo wa chini huota vivuli vya umbo la pembetatu, na katika chumba cheusi jicho halivikwepi.

Mkononi. Uzito, mahali pa kitufe cha kuwashia, namna ya kugeuza ukurasa kwa mkono mmoja.

Vitabu. Unavinunua wapi, unaviazima wapi, na faili ulizonazo tayari ni za aina gani. Kigezo hiki husahaulika, na ndicho kinachowafanya watu wauze kifaa baada ya miezi mitatu.

Chaji na uimara. Tutasema kwa saa za kusoma, maana "wiki" za kwenye boksi zina hesabu yake.

| | Kindle | Paperwhite | Clara BW | Libra Colour |
|---|---|---|---|---|
| Skrini | inchi 6 | inchi 7 | inchi 6 | inchi 7, ya rangi |
| Uzito | gramu 158 | gramu 211 | gramu 174 | gramu 199.5 |
| Mwanga wa kaharabu | hakuna | upo | upo | upo |
| Vitufe vya kurasa | hakuna | hakuna | hakuna | vipo |
| Kinga ya maji | hakuna | IPX8 | IPX8 | IPX8 |
| Hifadhi | GB 16 | GB 16 | GB 16 | GB 32 |
| Bei ya kuzinduliwa Marekani | dola 109.99 | dola 159.99 | dola 129.99 | dola 219.99 |

Vyote vinne vina nukta 300 kwa inchi kwa maandishi meusi, hivyo ukali wa herufi usikusumbue kichwa. Bei za Kindle hapo juu ni za matoleo yenye matangazo kwenye skrini iliyolala. Kuyaondoa huko Marekani ni dola 20 zaidi. Bei ya Dar es Salaam au Nairobi huongezewa usafiri, ushuru na faida ya mwagizaji.

## Kindle ya kawaida

*Mwanga.* LED nne nyeupe, ngazi 0 hadi 24, basi. Kaharabu hakuna. Kilichopo badala yake ni hali ya giza: herufi nyeupe juu ya ukurasa mweusi. Taa zinaendelea kuwaka, ila ukurasa mweusi haurudishi mwanga mwingi, hivyo ukuta haumuliki na wa pembeni yako analala. Wenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) mara nyingi huona herufi nyeupe zikivimba na kuwa na ukungu. Hao wabaki na ukurasa mweupe na washushe mwanga hadi ngazi mbili au tatu.

*Mkononi.* Ndicho chepesi kuliko vyote katika jedwali, na anayelala chali akikishika juu ya uso ataijua tofauti ya gramu hamsini ndani ya robo saa. Lakini kitufe cha kuwashia kiko ukingo wa chini. Ukikisimamisha kifuani kinajibonyeza na skrini inazimika katikati ya aya. Kiegemeze kwa pembe moja, au kiwe ndani ya kava yenye mdomo unaozidi ukingo. Kugeuza ukurasa ni kwa kugusa: sehemu kubwa ya kulia hupeleka mbele, ukanda mwembamba wa kushoto hurudisha nyuma. Anayekishika kwa mkono wa kushoto asiguse. Atelezeshe gumba kutoka kulia kwenda kushoto.

*Vitabu.* Kindle ni mlango wa duka la Amazon, na duka hilo kwa Kiingereza ni pana mno. Vitabu vyako mwenyewe unavituma kwa huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye Kindle, ambayo tangu 2022 inapokea EPUB (aina ya faili ya vitabu inayotumiwa na vifaa vingi) na kuibadilisha. Kunakili EPUB kwa kebo hakusaidii: faili itakaa humo na haitaonekana kwenye orodha. Faili ikikataliwa bila maelezo, mara nyingi muundo wake ndio mbovu. Ifungue katika Calibre, programu ya kompyuta ya kupanga na kubadilisha vitabu, ibadilishe kutoka EPUB kwenda EPUB, kisha itume tena. Na tangu Februari 2025 Amazon imeondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua, kwa hiyo unachonunua kwao kinabaki kwao.

*Chaji na uimara.* Amazon husema wiki sita. Hesabu hiyo ni ya nusu saa kwa siku, mtandao umezimwa, mwanga ngazi ya 13: jumla ni saa 21. Anayesoma saa mbili kila usiku atachaji baada ya siku kumi hivi, na mbele kidogo ya hapo kwa kuwa gizani utatumia mwanga wa chini ya 13. Maji hakistahimili, na glasi ya maji kando ya mto ni adui wake.

*Kinamfaa* anayenunua kwa mara ya kwanza, anayesoma zaidi riwaya za Kiingereza, na ambaye weupe wa mwanga haumsumbui.

## Kindle Paperwhite

*Mwanga.* Hapa kaharabu ipo, nayo ina ngazi zake 0 hadi 24 zinazojitegemea na za mwanga. Unaweza kukiachia kifaa kibadilishe chenyewe jua linapozama, au ukipangie saa. Afrika Mashariki jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo ratiba ya jua inatosha. Aliye London au Oslo apange saa mwenyewe: mwezi Juni jua la huko huchelewa sana kuzama, na kifaa kinaweza kubaki cheupe wakati anasoma. Nakala za mwanzo za mwishoni mwa 2024 ziliripotiwa kuwa na utepe wa manjano ukingo wa chini. Ukipokea yako, iwashe gizani siku hiyo hiyo uutafute, muda wa kurudisha bado upo.

*Mkononi.* Gramu 211 bila kava. Kava ya kawaida huongeza takriban gramu 100, na hapo umeshabeba uzito wa simu kubwa na ziada. Usiku ivue. Uso wake ni bapa hadi ukingoni, vumbi halikai kwenye kona, ila taa ya darini ikiwaka utaiona ndani ya ukurasa. Kitufe cha chini ni kilekile cha Kindle ya kawaida, na kero yake ni ileile.

*Vitabu.* Sawa na Kindle ya kawaida kwa kila kitu, isipokuwa kwamba inchi moja ya ziada huonekana mara tu unapofungua PDF.

*Chaji na uimara.* Wiki 12 kwa hesabu ile ile, yaani saa 42. Kinaingia maji matamu ya mita mbili kwa saa nzima; ya chumvi, robo mita kwa dakika tatu tu, basi wa pwani wasikifanyie mchezo. Kikilowa kisichajiwe mpaka tundu likauke kabisa. Toleo la Signature linaongeza kihisi cha mwanga na chaji isiyo na waya. Kihisi hicho kitandani hakina kazi kubwa, maana chumba chako kina hali moja tu: giza.

*Kinamfaa* anayesoma kila usiku kwa saa nyingi, anayetaka herufi kubwa bila kugeuza ukurasa kila sekunde kumi, na ambaye maktaba yake iko Amazon tayari.

## Kobo Clara BW

*Mwanga.* Kobo iliingiza kaharabu mwaka 2016 kwenye Aura One, miaka mitatu kabla ya Kindle yoyote kuwa nayo, na uzoefu huo unaonekana. Unakiambia kifaa saa yako ya kulala, mathalani saa nne usiku (andika 22:00), nacho kinahama kidogo kidogo kutoka weupe hadi unjano mzito kufikia saa hiyo. Mwanga wenyewe unaupandisha na kuushusha kwa kutelezesha kidole kwenye ukingo wa kushoto wa skrini, bila kufungua menyu, jambo lenye raha gizani. Raha hiyo ina upande wa pili: gumba la kushoto likipumzika ukingoni, mwanga hupanda ghafla na kukupofusha.

*Mkononi.* Gramu 174. Kitufe cha kuwashia kiko mgongoni, kwa hiyo kifuani hakijibonyezi. Kukitafuta kwa vidole gizani ndiyo kazi. Skrini imezama kidogo chini ya fremu: haimulikiwi na taa ya darini, lakini makombo na vumbi hujikusanya kwenye kona. Tumia brashi laini ya rangi, si kucha. Sehemu za kugusa zinabadilishwa kwenye mipangilio ya kusoma, hivyo wa mkono wa kushoto anapewa haki yake.

*Vitabu.* Unachomeka kebo, unanakili EPUB, unachomoa, unasoma. Kwa mtu mwenye faili zake mwenyewe hakuna njia fupi kuliko hiyo. Kobo pia ina mlango wa OverDrive ndani yake: mwenye kadi ya maktaba ya umma iliyojiunga na huduma hiyo, kwa mfano Uingereza au Kanada, anaazima kitabu akiwa kitandani. Kwa Kindle, kuazima maktaba kunawezekana Marekani tu. Duka la Kobo lenyewe ni dogo kuliko la Amazon. Kabla ya kununua kifaa, fungua tovuti ya duka hilo ukiwa katika nchi unayoishi na utafute vitabu vitatu unavyotaka kusoma mwaka huu.

*Chaji na uimara.* Betri ya mAh 1500, si kubwa. Msomaji wa saa mbili kila usiku aizoeshe chaji ya mara mbili au tatu kwa mwezi. Maji, mita mbili kwa saa moja. Jambo la kuzingatia kwa anayenunua cha kukaa nacho miaka: kimetengenezwa ili kifunguliwe, na iFixit, kampuni ya vipuri vya kujitengenezea, wanauza betri na skrini zake pamoja na maelezo ya kubadilisha. Kindle zimegundishwa kwa gundi, na fundi wa simu akiifungua kwa pupa huvunja skrini.

*Kinamfaa* mwenye EPUB zake, mwenye kadi ya maktaba ughaibuni, na asiyetaka kufungwa na duka moja.

## Kobo Libra Colour

*Mwanga.* Taratibu za kaharabu ni zile zile za Clara. Tofauti ni skrini. Rangi hupatikana kwa kichujio kilichowekwa juu ya wino, na kichujio hicho hula mwanga: weupe wa ukurasa unakuwa wa kijivu kidogo, na ukitazama karibu utaona chenga chenga. Mchana kasoro hiyo huudhi. Gizani haionekani sana, kwa sababu taa inawaka vyovyote, ila utaiweka ngazi ya juu kuliko ungeiweka kwenye Clara, na betri inalipia. Rangi zenyewe zina nukta 150 kwa inchi na zimepauka. Zinatosha kwa majalada, ramani na vibonzo, picha za kung'aa usizitarajie.

*Mkononi.* Hiki ndicho kilichobuniwa na mtu anayesoma amelala. Upande mmoja ni mnene na una vitufe viwili vya kurasa. Unaushika hapo, gumba linakaa juu ya kitufe na halisogei usiku kucha. Ukihamia mkono wa pili unakigeuza na maandishi yanajigeuza. Hapo hapo kuna mtego: ukilala ubavu, skrini inageuka na wewe. Funga mwelekeo wa ukurasa kabla hujalala ubavu.

*Vitabu.* Kama Clara, na GB 32 za vibonzo na vitabu vya kusikiliza vya Kobo, ambavyo hupigwa kwa Bluetooth.

*Chaji na uimara.* mAh 2050, IPX8, sehemu za kubadilishia zipo iFixit.

*Kinamfaa* mwenye maumivu ya kidole au kifundo cha mkono, anayebadili mikono kila mara, anayesomea watoto vitabu vya picha kabla ya kulala, au anayepigia mistari kwa rangi. Asiyesoma chochote ila riwaya anailipia rangi asiyoitumia, ingawa vitufe pekee vinaweza kumtosha kama sababu.

## PDF, mahali wengi wanapokwama

Maandishi mengi ya Kiswahili yanayopitishwa kwenye simu ni PDF za A4: riwaya zilizoskaniwa, notisi za chuo, vitabu vya dini. Kifaa cha inchi 6 hakikuundwa kwa ajili hiyo, na hesabu yake ni rahisi. A4 ina upana wa milimita 210, skrini ya inchi 6 ina 91. Herufi ya pointi 12 inakuwa kama pointi 5. Ukikata pambizo za milimita 25 kila upande, maandishi yanabaki milimita 160, na herufi inapanda hadi karibu 7. Kwenye skrini ya inchi 7, yenye upana wa milimita 107, unapata 8. Ukilaza kifaa ubavu na kusoma nusu ukurasa kwa nusu ukurasa, inchi 6 inakupa 9 na inchi 7 karibu 11. Hiyo ya mwisho inasomeka kitandani. Ya kwanza haisomeki na mtu yeyote.

Pambizo unazikata kwa k2pdfopt kwenye kompyuta. Programu hiyo hufanya zaidi: hukata maneno ya ukurasa ulioskaniwa kama vipande vya picha na kuyapanga upya yaingie kwenye upana wa skrini yako. Kwenye Kobo unaweza kusakinisha KOReader, programu mbadala ya kusomea, ambayo ina uwezo huo ndani yake; kwenye Kindle inahitaji kwanza kuvunja ulinzi wa mfumo, kazi ambayo si ya kila mtu. Kubadilisha PDF kuwa EPUB kwa Calibre kunawezekana pale tu maandishi yanapochagulika kwa kipanya. Tegemea mistari iliyokatika katikati ya sentensi, na namba za kurasa zilizojipachika kati ya aya.

EPUB za Kiswahili nazo zina ugonjwa wao mdogo. Ukiona ng'ombe ameandikwa na alama za ajabu mahali pa kibainishi, faili haikutaja kwamba imesimbwa kwa UTF-8. Kuibadilisha EPUB kwenda EPUB katika Calibre huiponya mara nyingi. Ukiona maneno yamekatwa ovyo mwishoni mwa mstari, faili imesajiliwa kuwa ya Kiingereza. Badilisha lugha yake iwe Kiswahili. Na kwa kuwa vitenzi vyetu ni virefu, herufi kubwa zikinyooshwa pande zote mbili huacha mapengo mapana kati ya maneno: chagua mpangilio wa kushoto. Kamusi ya Kiswahili haimo katika chochote kati ya vinne.

## Viwili vya pembeni

PocketBook Verse Pro ni ya inchi 6, ina mwanga wa kaharabu, IPX8 na, jambo adimu kwa ukubwa huo, vitufe halisi vya kurasa chini ya skrini. Inafungua aina 25 za faili bila kubadilisha. Anayetaka vitufe bila kulipia rangi aitazame.

Boox Go 6 inatumia Android. Mwanga wake una kaharabu na uzito wake ni mdogo kuliko wa Kindle. Sababu ya kuinunua ni moja: vitabu vyako viko ndani ya programu ya simu, kama vile vya eKitabu ya Kenya, na haviwezi kuhamishwa. Gharama yake ni betri inayoisha upesi, mipangilio mingi ya kuchosha, na arifa za ujumbe zinazokufuata kitandani usipozizima.

## Chandarua, mbu na cha mtumba

Taa ya kubana kwenye kitabu huita wadudu. Kifaa chenye mwanga wa chini wa kaharabu huwaita wachache zaidi. Ila mikono yenye dawa ya mbu ya DEET isikiguse, kwa sababu dawa hiyo huyeyusha aina kadhaa za plastiki na alama zake hazifutiki. Kuna pia vibanio vya bei nafuu vyenye rimoti, vinavyobana ukingo wa skrini na kugusa ukurasa kwa niaba yako. Ukiwa na kishikizo cha kuning'iniza, mikono yote inabaki ndani ya shuka. Kibanio hufunika herufi chache za ukingoni, hivyo ongeza pambizo.

Kwa mtumba, tazama tundu la chaji. Paperwhite yenye tundu la micro-USB haina mwanga wa kaharabu, muuzaji aseme asemavyo. Kaharabu ilianza kwenye ile ya 2021 yenye inchi 6.8 na USB-C. Kwa Kobo kanuni hiyo haifanyi kazi: Clara HD ya 2018 ina micro-USB na kaharabu, ila haina kinga ya maji, nayo Nia ya 2020 haina kaharabu. Kindle yoyote isajili kwa akaunti yako mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa. Iliyoripotiwa kuibwa haisajiliki. Kisha omba sehemu yenye giza, shusha mwanga hadi ngazi ya chini, na chunguza ukingo wa chini na kona zote nne.

## Kwa hali yako

Bajeti imebana na unasoma Kiingereza: Kindle ya kawaida, na hali ya giza uizoee mapema.

Unasoma saa mbili au zaidi kila usiku na macho yanachoka: Paperwhite kama vitabu viko Amazon, Clara BW kama viko kwenye kompyuta yako.

Uko ughaibuni na una kadi ya maktaba: Kobo yoyote kwa Uingereza na Kanada. Kwa Marekani pande zote mbili zinakubali, hivyo amua kwa uzito na vitufe.

PDF ndizo nyingi: usishuke chini ya inchi 7. Libra Colour yenye KOReader itakupa taabu ndogo kuliko Paperwhite, lakini kama ni notisi za A4 zenye majedwali, hata hiyo haitoshi na tableti ya inchi 10 inafaa zaidi, mchana.

Mnalala wawili na mwenzako hustuka kwa mwanga: chochote chenye kaharabu na hali ya giza kwa pamoja. Jaribuni mpangilio huo siku mbili tatu kabla muda wa kurudisha haujaisha, na atakayetoa uamuzi awe yule asiyesoma.